Injini ya Pikapu Niliyoifuata Saza

Niliondoka nyumbani Mlowo kwa sababu mke wangu, Mama Neema, alikuwa amenipa hadi Jumamosi. Injini ya pikapu ya marehemu baba ilipasuka bloku, na nisipopata nyingine inayoingia, gari linauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Udereva nilijifunzia humo. Iliniuma sana, ila nilijikaza isionekane.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Tunduma, mfukoni nina kamba ambayo fundi wangu aliipiga mafundo kufuata urefu wa injini iliyokufa. Muuzaji mmoja Mzambia akanipokea, "Mulishani, bashikulu!" Alinisalimu kama babu yake, na umri tunalingana. Akanionyesha injini ya dizeli. "Hii inaingia!" Nikanyoosha kamba. Injini ilizidi fundo la mwisho kwa shubiri nzima.

"Basi punguza gari," akasema, wala hakucheka. Nilipogeuka kuondoka ndipo akasema ukweli: pikapu kama yangu zilishakufa, injini zao sasa zinasaga mawe ya dhahabu Saza.

Jumanne, baada ya bodaboda iliyonimaliza mgongo, nilifika Saza kwa Mama Simbeye, mwenye karasha ya kusagia mawe. Injini ya aina ile ile ya yangu ilikuwa pale inanguruma. Akaizima, nikapima, fundo kwa fundo. Ililingana sawasawa, lakini mdomo ukaanza kuiponda ili bei ishuke.

"Imechoka hii, mama. Ina moshi."

"Sasa baba, mbona umeikumbatia?"

Nikaiachia kwa aibu. Akasema petroli inamfilisi. Nikimletea ya dizeli, hii nichukue. Nikamwuliza ya urefu gani.

"Kwani karasha ina boneti?"

Jumatano nikarudi Tunduma kuinunua ile ndefu. "Umeshapunguza gari?" muuzaji akauliza. Nikamwambia nimelipunguza vizuri tu. Alhamisi nikaipeleka Saza kwa fuso, tukabadilishana, na Ijumaa kutwa fundi alishinda chini ya pikapu.

Nimejifunza kwamba injini ya zamani haitafutwi inapouzwa, hutafutwa inapofanya kazi. Nilitaka kumweleza hivyo Mama Neema Jumamosi, gari lilipowaka, lakini alishaketi mbele anawapungia majirani.

"Endesha polepole," akaniambia. "Hili ni gari la baba mkwe wangu."