Mwenye Nafasi Yake Sasa

Leo mgonjwa ameniuliza swali, na mpaka nafika nyumbani, mtaa wa Abu Hamour, bado linaniuma.

Ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti. Kazi yake ni kuziba njia, wapinzani wasimfikie mwenzake anayerusha mpira. Aliumia goti, akaletwa hapa Doha kutibiwa.

Nimemkuta akitazama mechi ya timu yake kwenye simu. Mchezaji mpya yuko mahali pake.

"Anacheza aje?" nikamuuliza, huku nikimwekea barafu.

"Vizuri sana, sista."

Akanigeuzia simu nione.

"Nilimwombea acheze vizuri. Lakini si vizuri hivi."



Nikajikuta namwambia kwamba kwetu Kakamega nilikuwa naongoza sauti ya pili kwenye kwaya, na Jumapili wamenitumia video. Kuna dada mgeni amesimama pale pangu.

"Na yeye anaimba aje?"

Nilitamani sana kudanganya.

"Vizuri sana," nikasema.

Akasimamisha mechi yake, tukatazama video yangu pamoja hadi wimbo ukaisha.

Ninyi mlioacha nafasi zenu nyumbani, nani amesimama hapo sasa?