Gari Lililoshikwa na Mtani

Siku ya kuondoa tanga la baba, nyumbani kwetu Kwihara, tulikuwapo hawa: mimi niliye kifungua mimba, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa mwisho, yule mvulana ambaye mama alifariki kwa kumzaa, bibi mzaa mama aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu, baba mdogo aliyekuja kutoka Puge, shangazi aliyeshuka na treni kutoka Tura, katekista wetu, majirani waliojaa uani, na mtani wa baba, Mzaramo, fundi wa karakana ya reli mjini Tabora, pamoja na watani wenzake aliokuja nao. Na gari lilikuwapo. Nalitaja pamoja na watu kwa sababu siku ile lilizungumzwa kuliko marehemu.

Lilikuwa gari kuukuu la mizigo, lenye bodi la mbao za mninga ambalo baba alilipigilia mwenyewe. Kwa gari hilo alikuwa akinunua nta na asali kwa warina wa msituni na kuzileta mjini. Mama alipofariki niliacha shule nikiwa darasa la nne, nikawa utingo wake. Nilijua kuliendesha kabla sijaota ndevu. Katika safari ya mwisho injini ilianza kugonga, tukalikokota kwa ng'ombe mpaka nyumbani. Wiki ile ile homa ikamlaza baba, na hakuinuka tena.

Watu walipokwisha kula, baba mdogo akasimama.

"Mjini kuna Mwarabu ana gari zima zaidi ya hili," alisema. "Hili atalichukua kwa bei ya chuma, mimi nitaongeza ng'ombe. Jipya litakaa kwangu Puge, nitaweka dereva. Mvulana nitakwenda naye, atachunga. Binti ataondoka na shangazi yake kwenda Tura. Wewe mkubwa umeshakuwa mwanamume, utapata kibarua."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa na watoto wake wengi, na alikuwa tayari kuongeza mmoja. Lakini mdogo wangu wa kike aliposikia neno Tura, alimshika yule mdogo mkono, akaubana mpaka mtoto akalalamika. Nikaona wazi kwamba gari likienda, sisi watatu hatutalala tena chini ya paa moja.

"Baba mdogo," nikasema, "injini haijafa. Kinachogonga ni konrodi moja tu, mkono wa pistoni. Likipona, nitaendelea na biashara ya baba na wadogo zangu nitawalea mimi."

"Utawalea na nani? Sharubu zenyewe hazijaota!"

Watu wakacheka. Sikukaa chini.

Hapo ndipo tukasikia mlango wa gari ukibamizwa. Yule Mzaramo alikuwa amepanda, amekaa kwenye kiti cha dereva, na kanga ya shangazi amejitanda kichwani kama mjane.

"Nimelishika!" akapiga kelele. "Gari la marehemu ni langu! Anayelitaka alete beberu!"

Ndivyo watani wafanyavyo matangani kwetu. Tangu babu zetu walipopokeana mizigo katika njia ya misafara, Mzaramo na Mnyamwezi hawakasirikiani. Mtani hushika kitu cha marehemu, kiti au jembe au hata mkeka wa mfiwa, na wenye msiba hukikomboa kwa kitoweo. Kitu kimoja tu hakichezewi: neno ulilompa mtani mbele ya watu halirudi.

"Shuka, Mzaramo," shangazi akamwambia. "Kiti hicho kina kunguni."

"Nawajua, bibie. Wamenisalimia kwa Kinyamwezi."

Baba mdogo alikuwa amechoka, na mambo ya kuagana na wageni yalimngoja. Kumtoa beberu mzima kwa ajili ya gari bovu kulimwudhi.

"Beberu kwa maiti ya chuma?" akasema. "Kaa nalo. Lizike mwenyewe!"

Katekista akajishika kidevu. Baba mdogo akafunua kinywa kama mtu anayetaka kuyadaka maneno yake, lakini yalikuwa yamekwisha kufika.

Mzaramo akashuka taratibu, akaivua kanga, akaikunja.

"Mmesikia wote. Maiti nimepewa, na kuzika ndiyo kazi yetu. Ila maiti ya Kinyamwezi mimi huipima kwanza, maana hawa wamezoea kulala chini ya mizigo, unadhani wamekufa kumbe wanapumzika." Akanigeukia. "Wewe unayesema anapumua, utamtibu pamoja nami. Akifufuka ni wako. Asipofufuka, namfanya banda la kuku. Na sisi watani hatutoki kilioni mpaka mojawapo liwe." Kisha akamwinamia baba mdogo kwa adabu kubwa. "Mfiwa, chakula cha jioni ni nini?"

Basi wakabaki, na baba mdogo akawalisha. Mzaramo alikuwa katika likizo yake, na alikula kama mtu aliyejua hivyo.

Tulilifungua gari chini ya kivuli cha turubai. Konrodi ilipotoka, tukaona ugonjwa: ule utando wa madini laini ya risasi unaokaa kati yake na mhimili wa injini ulikuwa umekwanguka na kupasuka. Mjini walikuwa na dawa moja tu, kununua injini nyingine. Mzaramo alisema tutaiyeyusha risasi hiyo hiyo, tuongeze mabaki aliyopewa karakanani, tuimimine upya. Tukasimamisha konrodi juu ya kipande cha bomba, tukaziba chini kwa udongo wa kichuguu, nilioukanda mimi mwenyewe vizuri. Akamimina.

Risasi ilitema kama mafuta yaliyoingiwa na maji. Tuliruka nyuma sote, na tone moja likaniunguza mkononi. Risasi ilipopoa ilikuwa na matundu matundu kama mkate wa kumimina.

"Naona banda la kuku," baba mdogo akasema kutoka barazani, bila kuinuka.

Asubuhi yake nilimkuta bibi amechuchumaa mbele ya konrodi, akibonyeza udongo wetu kwa kidole.

"Nani alikanda huu?"

"Mimi, bibi."

"Na umekulia nyumbani kwangu, ukiniona nikichoma vyungu! Udongo mbichi unautia moto, unategemea ukushukuru?" Akamtazama Mzaramo. "Na wewe, mkwe wa treni, chuma baridi unakimiminia kitu cha moto?"

"Bibi, kule kwetu chuma hakipati baridi."

"Kule kwenu nazi zinawaangukia vichwani. Sogea."

Akaziba upya yeye, kwa udongo uliochanganywa na vumbi la vigae, akauacha ukauke, kisha akauzungushia makaa mpaka konrodi yenyewe ikawa haishikiki. Mzaramo akamimina. Safari hii risasi ilitulia kama maziwa kwenye kibuyu.

Iliyobaki ilikuwa kazi yangu. Risasi mpya huwa nene, lazima ikwanguliwe kidogo kidogo mpaka ikae sawasawa. Unapaka masizi kwenye mhimili, unafunga, unazungusha, unafungua, unakwangua kila palipochafuka, unarudia. Nilifanya hivyo kutwa, nikafanya na kesho yake, vidole vikachubuka. Mzaramo alilala kwenye mkeka akinitukana ili nisisinzie. Mdogo wangu wa kike alinilisha ugali kwa mkono wake kwa sababu mikono yangu ilikuwa myeusi tupu. Shangazi aliahirisha treni. Alisema anangoja kanga yake ifuliwe.

Tulipokwisha kufunga, majirani walijaa tena kama siku ya tanga. Nilichukua hendeli ya kuwashia injini, lakini Mzaramo akaninyang'anya, akampa baba mdogo, mimi nikapanda kwenye usukani.

"Zungusha wewe, wasije wakasema ni mazingaombwe ya Pwani."

Baba mdogo alivua koti. Alizungusha mara ya kwanza, gari likakohoa. Akatema mate mikononi, akazungusha tena kwa nguvu zote, na injini ikawaka. Iliunguruma bila kugonga hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele, watani wakaanza ngoma kwenye debe la nta, na baba mdogo akabaki ameshika hendeli, jasho likimtoka, akicheka kwa sauti kubwa iliyofanana kabisa na ya baba.

"Lina pumzi!" akasema. "Lina pumzi, jamani!" Kisha akaja dirishani kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Wadogo zako wabaki. Mimi nitaleta ng'ombe wa maziwa."

Nikawapakia wote, shangazi na bibi mbele, wengine nyuma, tukaenda mjini kumfikisha shangazi stesheni. Barabara yote watu walikuwa wakitoka majumbani kutazama gari la marehemu likipita limejaa watu wanaoimba. Mdogo wangu wa mwisho alisimama akishikilia ubao wa mninga, akimpungia mkono kila mtu, anayemjua na asiyemjua.

Gari lile lilinipa chakula cha wadogo zangu mpaka wote wakaanza maisha yao. Msimu wa kwanza wa asali ulipokwisha, nilimpelekea Mzaramo debe zima kule karakana. Akachovya kidole, akaramba.

"Tamu. Lakini haya si malipo, ni salamu."

"Nikulipe nini, mtani?"

"Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayenichimbia kaburi. Na ulie kwa sauti, na kabla ya kulia uwaambie watu mabaya yangu yote, usisahau hata moja."

Sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo, na tukikutana huniuliza kama bado nayakumbuka. Namwambia yameongezeka. Deni lake bado ninalo, na naomba Mungu anicheleweshe kulilipa.