Mlango wa Nyuma wa Ndege

Juzi, katika duka moja la Majengo, nilisikia harufu ya kole, ile gundi kali ya plastiki, na alasiri moja ya utoto wangu, mtaani kwetu Keshero, ikanirudia.

Mimi na papa, baba yangu, tulikuwa mezani tukiunganisha vipande vya ndege ndogo ya kuchezea, mfano wa ndege ya kubeba askari. Yaya Innocent, kaka yangu, ndiye aliyeniletea sanduku la vipande hivyo kabla ya kupanda ndege kama hiyo kwenda vitani. Jikoni, mama na wanawake wa mtaani waliimba polepole nyimbo za kanisani. Nilifikiri wanajiandaa kwa sikukuu.

Tulipofika kwenye mlango wa nyuma, nikachukua kole. Papa akanishika mkono.

"Usifunge pale, mutoto yangu."

"Lakini papa, kwenye picha umefungwa."

"Tukifunga, yaya yako atatokea wapi?"

Nilicheka. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni ukali wa kole.

Sasa najua kwamba habari ya msiba kutoka vitani ilikuwa imefika asubuhi ile. Jioni, wageni walipojaa uani, nilipita kati yao na ndege mkononi, nikimwonyesha kila mtu jinsi Innocent atakavyoshuka, na hakuna hata mmoja aliyenikataza.