Namba ya Winchi

Ghalani walimwita Winchi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na sita alibeba magunia ya mahindi kutoka kwenye lori hadi juu ya lundo, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema nimechoka. Pale lilikuwa neno la mkosi. Ukilitamka mbele ya nyapara, kesho unapewa ufagio. Jamani, hata aliyeteguka kiuno alidai amejikwaa tu.

Na Winchi alikuwa na sababu yake ya kufyata ulimi. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu mkewe afariki, binti yake ameolewa mbali, na chumbani mlikuwa na kitanda, jiko na kiti cha wageni wasiokuja. Watu wake ni wale wachukuzi wenzake watano: kutaniana, kuhesabu magunia kwa pamoja, kugombania kivuli cha lori saa ya chakula. Akitolewa pale, amebaki na nani?

Basi akaja mpimaji, msichana mwenye makaratasi na mikanda ya kufunga kifuani, ile inayohesabu mapigo ya moyo. Mwenye ghala alitaka kujua kazi ipi inamuumiza nani. Kila baada ya magunia kumi msichana aliuliza: kuanzia moja hadi kumi, kazi hii nzito kiasi gani? Winchi akajibu mbili. Wenzake nao mbili, na mmoja, kwa kujitia umwamba, akasema sifuri, ambayo hata haikuwamo. Mikanda ilisema mengine, lakini mkanda hauogopi nyapara.

Siku ya tatu, nyapara ameenda kula, msichana alimkuta Winchi ameegemea lundo, pumzi juu juu. Hakuuliza namba. Alimpa maji, akamwambia taratibu, "Baba, umechoka?"

Maskini, hapo akaisha. Swali hilo mkewe alimuuliza kila jioni mlangoni, naye kila jioni alimjibu kidogo tu. Tangu amzike, hakuna mwanadamu aliyemuuliza tena.

"Tisa," alisema. "Mwanangu, tangu mwaka jana ni tisa."

Msichana akaandika kwa nia njema, na nia njema ikafanya yake. Wiki mbili baadaye Winchi akahamishiwa stoo ya nyuma, kushona magunia yaliyotoboka. Mshahara uleule, kiti chenye mto, na feni juu. Wenzake wakamwambia ameula. Siku za mwanzo walipita kumtania, kisha kazi ikawabana. Akabaki na sindano yake, akiwasikia nyuma ya ukuta wakihesabu magunia. Sauti moja ilikuwa imepungua na hesabu inakwenda vilevile. Hilo lilimuuma kuliko gunia lolote.

Mwezi ulipokwisha, mpimaji alirudi kuipima kazi mpya. Akamfunga mkanda, akamwacha ashone nusu saa, akatazama mapigo na kutabasamu: moyo umetulia kama wa mtoto aliyelala. Nyuma ya ukuta walikuwa wamefika arobaini na tatu. Akauliza swali lake, moja hadi kumi, kalamu imeshaelekea kwenye moja.

"Kumi," alisema Winchi.

Msichana akacheka, akidhani ni utani. Winchi hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akalilaza gunia magotini.

"Andika, mwanangu. Safari hii sikudanganyi."