Jumapili ya Nywele Zangu

Nikipita salunini nikanusa ncha za rasta za kusukia zikichomwa kwa kiberiti, raha yote huniisha. Narudi mtaani kwetu Laini Saba, nina miaka kumi, nimekaa sakafuni katikati ya magoti ya mama.

Mama alikuwa msusi. Jumatatu hadi Jumamosi alisuka vichwa vya wenyewe kwenye kibanda chake kando ya reli. Sisi Wakamba tulikuwa wachache pale, na wateja wengi walikuwa na wasusi wa kabila lao, kwa hivyo hakuthubutu kumkatalia mteja. "Akienda kwa mwingine harudi," alikuwa akisema. Jioni aliingia akiwa hoi, vidole vimevimba, akala, akalala. Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, kibanda hakikufunguliwa. Alinisuka mimi. Baba, fundi viatu, ndiye aliyepika siku hiyo, na majirani wakamcheka eti amekaliwa chapati, kwamba mke amemroga kwa chakula. Wapi! Yeye alizidi kukaanga vitunguu.

Shida ni kwamba mama alichoka. Alisinzia na chanuo mkononi, akazinduka, akaniuliza habari za shule, akasinzia tena. Mistari miwili, saa nzima! Nami, mjinga mimi, niliona ananichelewesha kucheza.

Jumapili moja mama alibaki kanisani kwa kikao. Nikakimbilia kwa Achieng, msichana wa jirani aliyekuwa akijifunza kusuka, akanimaliza chapchap. Niliporudi nikiringa, nilimkuta mama keshakaa kwenye stuli, rasta amezitandaza kwenye leso.

"Nani amekusuka?"

"Achieng. Sasa mum, si unaweza kufungua kibanda?"

Haki nilidhani namsaidia. Alinigeuza kichwa, akapapasa mstari mmoja mmoja. "Anajua kusuka huyo," akasema, akaanza kukusanya rasta zake. Baba alinitazama, akarudi kwa sufuria yake.

Jumapili iliyofuata mama alifungua kibanda, na wateja wakajaa. Tangu hapo Achieng ndiye aliyenisuka, na mimi na mama tukawa watu wa kupishana mlangoni.

Mama ametangulia. Leo nauza nguo Kawangware, nina binti, na najua uchungu wa kumwambia mteja arudi kesho. Zile saa chache mama aliwanyima wateja akanipa mimi. Nilimrudishia nikijiona mwema, na miaka yote aliyobaki nayo, sikuwahi hata siku moja kumwambia: mum, njoo unisuke.