Bahasha ya Marehemu Aliye Hai

Madam aliyeniajiri kwenye studio yake ya picha mjini Migori hakuamini majina ya watu. Alisema kwetu Wajaluo jina ni saa tu. Aliyezaliwa usiku ana jina la usiku, wa alfajiri la alfajiri, wa mvua la mvua, na ukisimama sokoni ukamwita mmoja wa usiku, nusu ya wanaume watageuka. Mimi nilipoanza kazi nilipanga bahasha za negativu, zile filamu ambazo picha hutolewa kwazo, kwa majina, kwa kufuata alfabeti, vizuri kabisa. Nilijiona msomi. Madam akaja, akatazama, akazimwaga zote sakafuni.

"Wewe ulisoma ama ulikuwa unachotea walimu maji?" aliniuliza mbele ya wateja. "Mtu akikuja hapa kutafuta picha, ako na neno kwa mdomo. Hiyo ndiyo unaandika. Si yenye wewe unajua. Ni yenye yeye atasema."

Ndivyo nilivyojifunza kazi ya kuweka maneno juu ya vitu. Kila bahasha ilipata maneno matatu, si zaidi, kwa sababu alisema ukiandika kumi umeandika takataka. Neno la kwanza lilikuwa mahali, la pili shughuli, la tatu alama ya mtu. Nilipotenga boksi moja la "harusi" na jingine la "ndoa" alinicheka wiki nzima, akiwauliza wateja kama wao wameoana kwa harusi au kwa ndoa, maana msichana wake wa kazi anataka kujua.

Ubaya wote ulikaa kwenye neno la tatu. Uriri, harusi, kiguu. Rodi Kopany, ubatizo, meno nje. Shule, picha ya darasa, mwalimu kengeza. Mzee mmoja wa kanisa la Sabato, mtu wa tai na Biblia kubwa, aliandikwa "Sabato, kwaya, mlevi." Maboksi yalikaa juu ya kaunta, bahasha zikitazama nje, ili mteja ajitafutie mwenyewe na Madam asiache kupaka rangi kucha. Kwa hiyo watu walijisoma. Mzee wa Sabato alijisoma, akakohoa, akachukua picha yake, akaaga kwa heshima. Angefanya nini? Neno lilikuwa la kweli na kila mtu nyuma yake kwenye foleni alikuwa ameshalisoma.

Nilimchukia yule mwanamke na nilicheka naye, yote mawili. Njia yake ilifanya kazi, huo ndio ukweli wenyewe. Studio ya upande wa pili wa barabara ilimwambia mteja arudi wiki ijayo, wakati kwetu mtu alifungua mdomo tu na picha ilikuwa mkononi. Ungesema "ile ya mama mwenye kovu," nami ningenyoosha mkono pale pale.

Halafu akaja na boksi la Marehemu.

Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa wa kukondesha ambao wengine waliuita ayaki na wengine chira, laana ya kuvunja mwiko, na ambao hakuna aliyeutaja kwa jina lake kwenye matanga. Kila Jumamosi palikuwa na mazishi, na kila Ijumaa jamaa wa marehemu waliingia studio mbio wakitaka picha kubwa ya kusimamisha kichwani pa jeneza. Bila picha hiyo mazishi yanaonekana ya mtu asiye na watu. Madam alichoka na mbio hizo. Akaamua kwamba mtu yeyote aliyepigwa picha akiwa amekonda sana, bahasha yake iende moja kwa moja kwenye boksi la Marehemu, mtu mwenyewe akiwa bado anapumua na pengine bado anafunga viatu pale kwenye benchi.

"Watakaokuja watasema nini?" alinijibu nilipomuuliza kama amerukwa na akili. "Watasema tunataka picha ya marehemu. Basi. Andika."

Hapo niliacha kucheka. Lakini niliandika, kwa sababu kazi ilikuwa yake na boksi lilikuwa lake, na kwa sababu sikumjua hata mmoja kati ya wale waliokuwamo.

Dada yangu mkubwa aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Sori, kando ya ziwa, na mume wake alikuwa mvuvi huko huko. Dada alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitali Migori huku akinyonyesha kitindamimba wake, akatoka amebaki mifupa na macho. Siku alipotoka alipita kwangu studio kunisalimia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepona. Alivaa koti la buluu la studio, lile tulilowaazima wateja wote, likamning'inia kama limeanikwa kwenye msumari, na akasimama mbele ya pazia lenye picha ya bustani ya maua ambayo Migori haijawahi kuwa nayo. Madam alipiga picha moja. Kisha, dada yangu akiwa bado anatoa mkono kwenye koti, akachukua bahasha na kuandika: Sori, omena, marehemu.

"Madam, huyo ni nyaminwa," nilimwambia, yaani dada yetu. "Alikuwa na homa ya matumbo. Amepona."

"Wote huwa na homa ya matumbo," akasema, wala hakushusha sauti.

Niliitoa bahasha ile, akairudisha. Nikaitoa tena, akairudisha, na akaniambia nikigusa mara nyingine niende nikauze omena na mimi. Mwanamke mmoja kutoka Sori akaja kutafuta picha ya baba yake aliyefariki. Akapekua boksi kwa vidole vyake mwenyewe, bahasha baada ya bahasha, kama tulivyowazoeza wateja. Akamfikia dada yangu. Nilimwona akisoma. Akanitazama mimi, akatazama bahasha, kisha akanipa pole.

Alifika Sori kabla ya jua kutua, na habari ikafika naye. Nani anunue omena iliyogeuzwa juani na mikono ya maiti? Wateja wa dada yangu walihamia kwa jirani aliyeanika samaki hao hao, kwenye mchanga ule ule. Mume wake, mzima kama mbuyu, alihamishia nyavu zake upande wa Tanzania akasema anafuata sangara. Hakurudi. Dada yangu alikuwa amepona ugonjwa, akauawa na kalamu ya Madam. Nasema hivyo na sitafuti neno la upole zaidi.

Yeye hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na tumbo. Kila siku ya soko Migori alikuja akaketi kwenye benchi mbele ya studio na bakuli la ugali na samaki mzima wa ngege, akala mbele ya wateja polepole, akifyonza mifupa, akiomba chumvi.

"Nitoe kwa hiyo boksi," alimwambia Madam.

"Kula, nyamera," Madam akamjibu. Alimwita dada, mwanaharamu yule. "Bahasha haitoki."

"Basi badilisha neno. Andika Sori, omena, mlafi."

"Na nani atakuja hapa akiuliza mlafi?"

Alikuwa amesema kweli, na hilo liliniudhi kuliko yote. Nilivua aproni siku hiyo, nikaitupa juu ya kaunta, nikaondoka na dada yangu. Tulihamia na watoto wake Rodi Kopany, Homa Bay, ambako hatukujulikana, tukapanga meza ya omena na nyanya. Tulidhani tumeliacha lile neno nyuma. Wapi! Dada yangu alinenepa, mikono ikajaa, shingo ikafanya pete, na siku moja nikamsikia mteja akimnong'oneza mwenzake nyuma ya magunia:

"Ndiye yule wa Sori. Umeona vile amefura? Huwa wanafura hivyo wakikaribia."

Alipokonda alikuwa mgonjwa, aliponenepa alikuwa mgonjwa zaidi. Alipokaa kimya alikuwa anafikiria watoto, alipocheka alikuwa anajikaza. Na picha hakukubali kupigwa tena, hata studio za Homa Bay, hata harusi ya binamu yetu ambako alisimama nyuma ya mti mpaka mpiga picha akaondoka. "Nikipigwa tena wataniweka wapi?" aliniuliza. Nilimbembeleza mara nyingi. Alikuwa mzuri miaka ile, mnene na mwenye kelele, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha.

Trekta la miwa lilimuua barabarani karibu na Uriri, alipokuwa akienda Migori kuchukua mzigo. Trela lilipinduka na miwa yote ikamlalia. Watu waliitoa kwa mikono, muwa baada ya muwa, na wengine wakala. Kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wamelipwa, wakwe zake walikuja kumchukua azikwe kwao Sori, mume akiwa hajulikani alipo. Shemeji yake akanichukua twende studio kutafuta picha, maana alijua iko moja na alijua iko wapi. Nchi nzima ilijua.

"Tunataka picha ya marehemu," akasema.

Madam alikuwa anapaka kucha. Alinyoosha mkono wa pili kwenye boksi bila kugeuza kichwa, akatoa bahasha ya dada yangu, akaiweka kaunta. Kisha akanitazama mimi, si kwa ubaya hata, kama mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi hesabu iliyotoka.

Matangani nilisikia watu wakisema dada yangu aliugua miaka mingi, maskini, alijitahidi. Nilisema trekta. Nilisema miwa. Walitikisa kichwa kwa upole, wakanipa chai.

Kichwani pa jeneza walisimamisha picha kubwa: mifupa, macho, koti la buluu, maua ya uongo. Kitindamimba wake, aliyekuwa ananyonya wakati ule na sasa alikuwa ameanza shule, alisogea akaitazama kwa muda mrefu. Akanivuta gauni.

"Mama mdogo, huyu ni nani?"

Shangazi zake wakamwambia anyamaze. Mimi nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi simjui.