Oili ya Amoni Iliyovuka Mpaka Kwenda Kupimwa

Hebu mwone Amoni anavyofika. Anaingia pale Tunduma malori yanaposubiri kuvuka kwenda Zambia, pikipiki anaiendesha kwa mkono mmoja, taratibu kama amempakia bibi harusi. Mkono wa pili ameuinua, na kwenye vidole kuna kichupa cha dawa ya kikohozi. Ndani si dawa. Ni oili chafu, nyeusi tii, imetoka kwenye injini.

Amoni ni bodaboda, Mnamwanga, mwili mdogo maneno mengi. Njia yake ni ya Ndalambo, na wewe kama umepita ile njia kiangazi unajua vumbi lake linatafunika. Pikipiki ndiyo shamba lake. Kwa hiyo kila ilipokohoa, yeye usingizi ulikatika.

Aliyemtia akili ni shemeji yake Clever, kaka wa mkewe Roda. Clever yuko Kitwe, huko Zambia, kwenye maabara inayopima oili za mashine za mgodini. Akamweleza kwa simu:

"Mulamu," maana ndivyo mashemeji wa kule wanavyoitana, "injini inajisaga kidogo kidogo, na unga wake unabaki kwenye oili. Nikipima naona kinacholika ni nini kabla hujafungua hata nati moja. Nitumie."

"Naikingaje?"

"Kama mkojo wa hospitali. Ya moto. Ya kwanza iache imwagike, kinga ile ya katikati."

Basi sasa oili imo kichupani. Lakini dereva wa lori hataki kuibeba.

"Kitu cheusi, kwenye chupa ya dawa, kinatoka kwa shemeji kwenda kwa shemeji?" dereva akacheka kwa pua. "Bwana mdogo, mimi nina watoto. Onja kwanza."

"Ni oili hiyo, kaka!"

"Si ndiyo? Oili haiui. Onja."

Amoni akaonja. Dereva akamtazama kitambo, akaona hadondoki, akakipokea kichupa na kukisimamisha kwenye kikombe chake cha chai.

Majibu yalipokuja, Amoni alikuwa kijiweni. Kwa kuringa, akaweka spika ili bodaboda wote wasikie mtu anavyopimiwa pikipiki nje ya nchi.

"Mulamu," Clever akasema, sauti imepoa, "umekaa?"

"Nimekaa juu yake."

"Shuka. Chuma kimejaa, shaba imejaa, vumbi usiseme. Kwa majibu haya hiyo injini ilishakufa. Sijui inatembeaje."

Osea, mwenyekiti wao, mtu wa kanuni hata katika kula karanga, akavua kofia.

"Pole sana, Amoni," akasema. "Sasa kanuni unaijua. Pikipiki mbovu haibebi abiria. Na hii siyo mbovu tu, ni marehemu."

"Marehemu anawaka, mwenyekiti! Sikia!" Amoni akapiga kiki, injini ikaitika mara moja, ikatulia ikinguruma vizuri kabisa.

"Ndiyo maana naogopa zaidi," Osea akajibu.

Basi Amoni akatolewa kwenye foleni. Watu wakaja nyumbani kumpa pole. Mama mmoja aliyekuwa abiria wake wa siku zote akaishika pikipiki usukani, akatikisa kichwa, akasema ilikuwa haina makuu. Fundi Rabson akaja akaweka sikio kwenye injini, hakusikia ubaya wowote. "Lakini mimi nani nibishane na Kitwe?" akasema, akaenda zake.

Roda hakukubali. Aliwaleta akina mama wenzake wa kwaya, wakaizunguka pikipiki uani, wakaiwekea mikono. Mwimba sauti ya tatu akaungua na ekzosi, maana Amoni alikuwa ametoka kuiwasha kuangalia kama bado ipo. Wakaendelea hivyo hivyo.

Baada ya maombi, Amoni akampigia Clever kumwambia kwamba anamtumia oili ya pili.

"Safari hii ukinge vizuri," Clever akasema. "Ile ya kwanza uliikinga inavyotoka?"

"Niliichota."

"Uliichota wapi?"

"Kwenye karai la Rabson. Nilikuwa nimeshamwaga."

Sasa hilo karai, ndugu yangu, ni beseni pana ambalo kila mwenye injini anamwagia oili yake. Rabson haitupi. Watu wanakuja kuichukua wapake nguzo za nyumba, mchwa wasile. Siku ile walikuwa wamemwaga bodaboda wote wa kijiwe, Osea naye akiwemo.

Clever akacheka mpaka akakohoa.

"Mulamu! Mimi nimepima kijiwe kizima!"

Oili ya pili Amoni aliikinga mwenyewe, ya moto, ya katikati. Dereva yuleyule akaibeba, hakumwonjesha tena. Na majibu safari hii Amoni aliyasikiliza peke yake, nyuma ya nyumba: injini nzima, vumbi limeanza kuingia, abadilishe chujio la hewa na asicheleweshe oili. Basi. Kwa Roda alisema tu kwamba imepona.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Amoni akafika kijiweni, abiria wamejaa na mizigo, wengine wameshapanda. Roda na kwaya walikuwa wamemtangulia, wanaimba kwa nguvu.

"Nasikia imepona," Osea akasema. "Na injini hujafungua. Imeponaje?"

"Sema, baba Faith!" Roda akapaza sauti. "Waambie!"

"Ngoja, mama," Osea akamzuia. "Aseme mwenyewe, maana neno lake lina kazi. Kama ni maombi, Amoni, ingia kwenye foleni tumshukuru Mungu. Lakini kama oili zilichanganyikana kwenye karai la Rabson, tulimomwaga wote, basi marehemu ni mwingine, na yuko hapahapa kati yetu. Hapo nasimamisha zote, na yangu ikiwemo, mpaka zipimwe moja moja."

Kwaya ikakatiza wimbo. Bodaboda wote wakamkazia macho, wengine wakimtikisia kichwa kidogo kidogo asithubutu. Pikipiki zilikuwa zinanguruma mstari mzima, na kila moja ina mtu mgongoni.

Ungekuwa wewe, mguu uko kwenye kiki na mkeo anakutazama hivyo, ungesema nini?